Nusu Mkeka

Mwanangu Shaame kasema anasuka mkeka.
Nikafurahi, mie mjinga,
nikamsogezea shazia na ukili wa wiki nzima,
nikampisha kwenye jamvi.
Akacheka, akanionesha simu:
mkeka wake una mistari mitatu
na kila mstari ni watu warefu
wanaotupa mpira kikapuni
katika miji ambayo, saa tisa hii ya usiku wa Utaani,
ndiyo kwanza wanakula chakula cha jioni.

Kikapu chenyewe ki wapi? nikauliza.
Akanionesha. Pete ya chuma, wavu, basi.
Hakina kitako!
Miaka thelathini nasuka vikapu hapa Wete;
ningempelekea Bi Mgeni kikapu cha namna hiyo
angekuja kunimwagia mbata zake mlangoni.
Kule, anasema Shaame,
kikapu kizuri ndicho kinachovuja.

Na wala habahatishi mshindi.
Hilo lilinichukua siku kulielewa.
Anabahatisha nani atakuwa mbele wakifika mapumziko,
nusu tu,
wanapokwenda kunywa maji na kufuta majasho.
"Mwisho wa mchezo una mambo mengi, Mama.
Nusu ndiyo salama."

Baba yake naye aliniambia hivyo siku ya mahari.
Nusu ya pili naidai mpaka leo,
naye yuko kaburini.

Elfu mbili. Elfu tano.
Jumatatu, elfu kumi ya bi harusi wa Limbani,
mkeka wa zambarau na kijani niliomtuma aupeleke.
Aliupeleka. Pesa hazikufika nyumbani.
"Umechanika, Mama," akasema, macho chini,
nami nikakurupuka kutafuta viatu
nikidhani ni ule wangu.

Usiku wa kuamkia Alhamisi niliamka kuswali.
Mwanga wa simu ulipita chini ya pazia lake.
Nikatandika msala, nikafunga swala,
na nyuma ya pazia nikamsikia ananong'ona:
arubaini na nne, arubaini na sita…
Mungu anisamehe,
nilirukuu huku najumlisha.
Rakaa ya pili sijui nilisoma sura gani,
najua tu kwamba wa kijani walikuwa nyuma kwa moja
na zimebaki sekunde tisa.
Nikatoa salamu mbio mbio, nikachungulia.

Mmoja wao, mwembamba kama shemeji yangu Faki,
alirusha kutoka mbali.
Mpira ukaizunguka pete
kama paka anayetafuta pa kulala,
ukaingia. Ukavuja.

Tulipiga kelele, mama na mwana,
hata jirani akagonga ukuta.

Asubuhi aliniletea sukari kilo mbili,
na elfu kumi ya bi harusi, imekunjwa mara nne.
Elfu kumi nilichukua, ilikuwa jasho langu.
Sukari nilisema sitaigusa.
Chai aliiunga mwenyewe,
nami sikuuliza.

"Na mwisho nani alimfunga mwenzake?"
Shaame akakuna kichwa.
"Sijui, Mama. Nililala. Yangu yalikuwa yamekwisha."

Tangu hapo nimo mawazoni.
Wale watu warefu walirudi uwanjani,
wakakimbia, wakaanguka, wakainuliwa,
na katika nyumba hii iliyowapigia kelele
hakuna aliyebaki kuwatazama.

Leo nimeunga ukili wa tano. Zimebaki tano.
Nimeutandika nione:
kichwa na mgongo vinapata pahala,
miguu iko sakafuni.
Nimemwita Shaame anishikie ncha ya pili.
Anasema anakuja,
ngoja kwanza wafike mapumziko.